Unaanza Unix? Chagua meneja wa madirisha ambaye faili lake unaweza kulisoma lote

mkonge_shell (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Wagosi wenzangu wa Tanga nawasalimu kipekee.

Vijana wengi hapa mjini wananunua laptopu za mtumba, ThinkPad na Latitude za zamani, RAM 4GB, skrini ya 1366 kwa 768. Wakishaweka Debian au FreeBSD (mifumo ya jamii ya Unix, badala ya Windows), swali wanaloniuliza kuliko yote si la keneli (kiini cha mfumo) wala la terminali (dirisha la kuandikia amri). Wanauliza waweke meneja gani wa madirisha. Na wanakuja wameshachanganywa na picha za mtandaoni: madirisha yanayoonyesha kilicho nyuma, saa kubwa katikati ya skrini, maandishi ya kijani. Naweka hapa ninachowaambia, wenye uzoefu mtaongeza.

Jibu langu ni hili. Fungua faili la mipangilio la meneja unayemtamani. Kama unaweza kulisoma toka juu hadi chini, na kwa mistari mingi ukakisia inafanya nini, huyo anakufaa. Kama huwezi, mwache kwanza, hata awe mzuri namna gani. Siku kitufe kimekataa kufanya kazi na bando limekwisha, hilo faili ndilo utakalobaki nalo.

Tuelewane kwanza kazi yake. Kwenye Unix, skrini haishikwi na programu moja kubwa. Kuna seva ya X, mfumo ulioanzia MIT mwaka 1984. Toleo la 11, ambalo ndilo tunalotumia mpaka leo, lilitoka mwaka 1987. Seva inachora kwenye skrini na kupokea vitufe na kipanya, basi. Dirisha likae wapi, lipi liwe juu, lifungwe vipi, hayo si yake. Waliounda X waliamua makusudi kuyaacha kwa programu nyingine ya kawaida, na hiyo ndiyo meneja wa madirisha. Ukiwasha X bila meneja, xterm, ambayo ni terminali, inafunguka kona ya juu kushoto, haina fremu, haina kitufe cha kufungia, huwezi kuisogeza. Napenda kila anayeanza aione hali hiyo japo mara moja, maana baada ya hapo haulizi tena meneja ana kazi gani.

Kwa kuwa ni programu ya kawaida, unaweza kumwondoa na kumweka mwingine bila kugusa mfumo wala mafaili yako. Seva inakubali mmoja tu kwa wakati, ukiwasha wa pili utaambiwa tayari kuna mwenzake. Kwenye skrini ya kuingilia, ile ya LightDM kwa mfano, kila meneja uliyemsakinisha anaonekana kwenye orodha. Unachagua jina, unaandika nywila, unaingia. Weka watatu ukitaka. Aliyekushinda leo, kesho unaingia kwa mwingine na kazi zako unazikuta palepale.

Sasa aina zao. Kuna wa kuelea: dirisha linafunguka, unalivuta kwa kipanya, unalikuza, yanapandana. Na kuna wa kupanga: meneja mwenyewe anagawa skrini yote, dirisha la pili likija la kwanza linapungua, na karibu kila kitu unakifanya kwa kibodi. Wengine wana uwezo wa yote mawili. Anayetoka Windows mikono yake imezoea kuelea, na hilo si dhambi wala si dalili ya uvivu. Usikubali mtu akwambie kwamba asiye na meneja wa kupanga hajaijua Unix. twm, meneja mkongwe aliyeandikwa na Tom LaStrange mwaka 1987, ni wa kuelea, na watu walifanya kazi nzito humo.

Kwa anayeanza kabisa ninampendekeza IceWM. Yupo tangu mwaka 1997 na bado anaendelezwa. Ukiingia tu unakuta upau chini, menyu kona ya kushoto, saa kulia. Alt+Tab inabadilisha madirisha, Alt+F4 inafunga, hayo mtu anayajua tayari. Mafaili yake yanakaa `~/.icewm`, kila moja na kazi yake: `menu` ni menyu, `keys` ni vitufe, `startup` ni vitu vya kuwashwa unapoingia, `preferences` ni tabia zake. Tazameni mstari wa `keys` ulivyo:

`key "Alt+Ctrl+t" xterm`

Na huu wa `menu`:

`prog "Andika barua" libreoffice-writer libreoffice --writer`

Jina, ikoni, amri. Mtoto wa kidato cha pili anausoma. Na mmeona kwamba jina nimeliandika kwa Kiswahili. Menyu yako yote unaweza kuiandika kwa Kiswahili, hakuna anayekuzuia, na hiki kwangu ni kitu kikubwa.

Kitu kimoja cha skrini zetu: urefu wa 768 ni mdogo. Upau wa chini, upau wa kichwa cha dirisha, menyu ya programu, vichupo vya kivinjari, vyote vinakula urefu uleule. Kwenye `preferences` andika `TaskBarAutoHide=1`, upau unajificha mpaka upeleke kipanya chini. Utaiona tofauti ukifungua barua ya kurasa mbili.

Wa pili ni i3, wa kupanga, aliyeanzishwa na Michael Stapelberg mwaka 2009. Namweka kwa sababu faili lake, `~/.config/i3/config`, linasomeka kwa mkao mmoja na maelezo yamo humohumo. Ukimwasha mara ya kwanza anakuuliza kama akutengenezee faili, na kama kitufe kikuu kiwe cha Windows au Alt. Chagua cha Windows, maana Alt inatumiwa na programu nyingi kwa menyu zao. Halafu shika vitufe hivi kabla ya vingine vyote: kikuu+Enter kufungua terminali, kikuu+d kuita programu, kikuu+namba kuhama eneo la kazi (kila eneo ni kama skrini nyingine yenye madirisha yake), kikuu+Shift+q kufunga dirisha, kikuu+Shift+e kutoka. Andika kwenye karatasi, bandika ukutani. Anayeingia i3 bila hivyo anakutana na skrini tupu, hakuna menyu, kubofya kulia hakuleti kitu, anazima kwa kubonyeza kitufe cha umeme.

Openbox ni mzuri na mwepesi, desktopu ya LXDE ilijengwa juu yake. Toleo la mwisho ni la mwaka 2015 na bado linafanya kazi vizuri. Ila faili lake la mipangilio, `rc.xml`, ni XML ndefu, maandishi ya alama za kufungua na kufunga. Ukisahau kufunga alama moja faili zima linakataliwa. Hana upau wake mwenyewe pia, unaongeza tint2 au mwingine. Fluxbox na JWM wako jirani na IceWM, aliyewapenda abaki nao. fvwm ana uwezo wa ajabu, lakini lugha ya mipangilio yake ni somo linalojitegemea.

La mwisho na ndilo linalowaumiza wengi: meneja wa madirisha hana waifai, hana sauti, hana kufunga skrini, hana kufungua flashi. Kwenye desktopu kamili kama GNOME au Xfce vitu hivyo vinakuja pamoja, ukichukua meneja peke yake unavileta mwenyewe. Waifai, kama mfumo wako unatumia NetworkManager: andika `nmtui` kwenye terminali, inakuja orodha, unachagua kwa mishale. Sauti: `alsamixer` au `pavucontrol`. Flashi: PCManFM au Thunar. Kufunga skrini: `xscreensaver`, `slock` au `i3lock`. Kwenye distro (matoleo ya Linux) zenye systemd, programu inayosimamia huduma za mfumo, kufunika laptopu kunailaza hata bila desktopu, lakini skrini haifungwi kwa nywila mpaka uipange hivyo. Ukikaa sehemu yenye watu, kama stendi au maktaba, hili lishughulikie siku ya kwanza.

Nawasilisha. Karibuni.

---

raskazone_x

Siti ya mbele mkuu. Ila nikupinge kidogo kwa heshima. Huyu kijana ndiyo kwanza anajua `ls` na `cd`, amri za mwanzo kabisa. Kwa nini umtwishe kutafuta programu ya sauti? Mpe Xfce, kila kitu kipo, baadaye atahama akikomaa. Mimi Xfce nimekaa nayo muda mrefu na inafanya kazi vizuri kwenye mashine za RAM 4GB.

---

mkonge_shell (mleta uzi)

Mkuu, kwa anayetaka laptopu ifanye kazi kesho asubuhi tunakubaliana asilimia zote, Xfce ni jibu zuri na mimi mwenyewe humwekea mtu wa aina hiyo. Uzi huu nimeuelekeza kwa yule anayesema anataka kujifunza Unix.

Na kuna njia ya kati isiyotajwa sana. Xfce nayo ina meneja wake ndani, anaitwa xfwm4. Ukiwa ndani ya Xfce fungua terminali uandike:

`openbox --replace &`

Fremu za madirisha zinabadilika palepale, upau wa Xfce unabaki, waifai inabaki, sauti inabaki. Ukichoka andika `xfwm4 --replace &`, mambo yanarudi. Dakika hizo chache zinamfundisha mtu mpaka uliopo kati ya meneja na desktopu kamili kuliko maelezo yangu yote ya hapo juu, kwa sababu anaona kwa macho kilichobadilika na kilichobaki. Kwa hiyo anayeanza na Xfce hajapoteza kitu.

Ninachokikwepa kwenye Xfce kwa mwanafunzi ni kimoja: mipangilio anaigusa kwa madirisha ya kubofya. Kikiharibika anabofya tena bila kujua nini kiliandikwa wapi.

---

mwl_muheza

Habari za humu ndani. Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Muheza. Nilivutiwa na i3 kwa sababu mkono unanichoka na kipanya. Kazi zangu ni kutunga mitihani kwenye Writer na alama za wanafunzi kwenye Calc, na kivinjari kidogo. Je, meneja wa kupanga anafaa kwa kazi za namna hii au ni wa watu wa kuandika programu tu?

---

mkonge_shell (mleta uzi)

Mwalimu karibu sana, na swali lako ni zuri maana wengi wanadhani hivyo.

Anafaa, ila usimtumie kama wanavyoonyesha kwenye picha. Skrini ya upana wa 1366 ukiigawa mara mbili kila dirisha linapata 683. Terminali mbili zinatosha hapo. Writer na Calc hazitoshi, kurasa zitakatwa na vitufe vya juu vitajificha. Kwa hiyo wewe tumia maeneo ya kazi: mtihani uwe eneo la 1, alama eneo la 2, kivinjari eneo la 3. Kikuu+1, kikuu+2, kikuu+3, kila dirisha linajaza skrini nzima na mkono hautoki kwenye kibodi.

Ukitaka mawili yakae eneo moja bila kubanana, bonyeza kikuu+w. Yanakuwa vichupo, majina juu, moja linaonekana. Kikuu+e inarudisha mgawanyo. Vidirisha vidogo, kama cha kuhifadhi faili au kuchapa, i3 huviacha vielee vyenyewe. Na dirisha lolote ukitaka lielee, kikuu+Shift+upau wa nafasi.

Ukibadilisha kitu kwenye faili, kabla ya kulipakia upya andika `i3 -C` kwenye terminali. Anakagua na kukuambia mstari wenye kasoro. Kikuu+Shift+c kinalipakia upya bila kufunga kazi zako. Mitihani ikiwa wazi kwenye skrini hilo lina maana sana.

---

chumbageni_dev

Mleta uzi umemsahau dwm! Kwa kipimo chako mwenyewe anapita. Faili lake la mipangilio, `config.h`, ni fupi, na waandishi wake wamejiwekea ukomo wa mistari 2000 kwa programu nzima. Na RAM anayotumia ni kidogo kuliko wote uliowataja. Kwa mashine za mtumba huyo ndiye.

---

mkonge_shell (mleta uzi)

Kaka, dwm namheshimu. Anayejifunza C nampa dwm kwa moyo mweupe, ni kati ya programu chache ambazo mwanafunzi anaweza kuzisoma zote akaelewa seva ya X inaongeaje na meneja. Lakini faili kuwa fupi na faili kusomeka na anayeanza ni mambo mawili. `config.h` ni lugha ya C. Kubadilisha kitufe kimoja unahitaji kompaila (programu inayogeuza C kuwa programu ya kuendeshwa), maktaba za X za kujengea, `make`, kusakinisha upya, kutoka na kuingia. Kitu kidogo kama kuongeza kipimo cha betri kinakupeleka kwenye hati ya pembeni, na nyongeza kubwa zinakupeleka kwenye viraka (mafaili ya kurekebisha msimbo wake), na kiraka cha toleo jingine kinakataa kuingia. Kijana aliyetaka tu kuandika `key` na jina la programu anakuwa anapambana na makosa ya kompaila. Mpeni mwaka, atafika mwenyewe.

Kuhusu RAM nisikufiche, hii hoja naona inapotosha watu. Fungua terminali uandike `free -h`, soma, kisha fungua kivinjari na vichupo vinne vitano, soma tena. Tofauti kati ya dwm, IceWM na i3 ni megabaiti. Kivinjari kinachukua mamia ya megabaiti, na ukizidisha vichupo kinafika gigabaiti. Mashine yako ya 4GB ikikwama, mkosaji si meneja. Ukitoka GNOME kwenda IceWM utaona nafuu ya kweli, hapo sikatai. Ila kuhama kutoka IceWM kwenda dwm kwa ajili ya RAM ni kujisumbua. Ongeza kadi ya RAM, au weka SSD kama bado una diski ya kuzunguka.

---

puffy_wa_pangani

Mimi niko upande wa OpenBSD, mfumo mwingine wa jamii ya Unix. Huku unaposakinisha mfumo pamoja na seti za X, unakuta wameshakuja: fvwm, cwm na twm. Hakuna kupakua chochote. cwm mipangilio yake ni `~/.cwmrc`, na kama huna faili hilo anafanya kazi vilevile. Ctrl+Alt+Enter, terminali hiyo. Kilichonishika ni `man cwm` na `man cwmrc`, amri za kufungua kurasa za mwongozo. Vimeandikwa vizuri na vipo kwenye mashine, sihitaji mtandao. Huku kwetu mtandao ukisumbua huwa nakaa na kurasa za man tu na kazi inakwenda.

---

mkonge_shell (mleta uzi)

Asante sana mkuu, umegusa jambo nililopaswa kulipa nafasi zaidi. Mtu wa bando la wiki asitegemee video. Video moja ya nusu saa ya kupamba desktopu inakula bando ambalo lingetosha kupakua mameneja wote tuliowataja, tena bado likabaki. `man icewm`, `man i3`, `man cwm`, `man fvwm`, vyote vinasomeka nyumbani bila mtandao. Kurasa za man zina Kiingereza kigumu kidogo mwanzoni, lakini maneno ni yaleyale yanajirudia, na anayezisoma kidogo kidogo anajikuta amezoea.

Na cwm kwa kipimo changu anafaulu. Faili la mistari mitano linatosha. Sijamweka juu kwa sababu hana upau wala menyu inayoonekana. Anayetoka Windows atadhani mashine imeganda. Kwa aliyekwisha kushika terminali ni meneja mzuri sana, na nampenda.

---

nguvumali_21

Wakuu naogopa kuharibu mashine ya kazini. Kuna namna ya kuwajaribu hawa bila kutoka kwenye desktopu niliyonayo?

---

mkonge_shell (mleta uzi)

Ipo, na ni nzuri. Inaitwa Xephyr: seva ya X inayofunguka ndani ya dirisha. Kwenye Debian na jamaa zake:

`sudo apt install xserver-xephyr icewm i3`

`Xephyr -screen 1100x650 :5 &`

`DISPLAY=:5 icewm &`

Litafunguka dirisha jeusi, kisha IceWM itatokea humo ndani na upau wake na menyu yake. Unabofya, unaharibu, unafunga dirisha, desktopu yako haijaguswa. Kisha unafungua Xephyr nyingine, unaweka i3 badala ya icewm. Ila jueni hili: vitufe kama Alt+Tab vitashikwa na meneja wa nje kabla havijafika ndani. Bonyeza Ctrl+Shift ukiwa kwenye dirisha la Xephyr, kibodi yote inaingia ndani. Bonyeza tena, inatoka.

Mpe kila mmoja kazi ya kweli humo ndani. Fungua barua, hamisha faili kwenye flashi, tafuta kitu kwenye kivinjari. Ukikaa unatazama rangi hutajua kitu.

---

bandari_root

Na Wayland je? Nasikia X imekufa, tunajifunza kitu cha kutupwa?

---

mkonge_shell (mleta uzi)

Mkuu, Wayland, mfumo wa kuchukua nafasi ya X, ilianzishwa na Kristian Høgsberg mwaka 2008, na GNOME na KDE zimeshahamia huko kwa kiasi kikubwa, hilo ni kweli. Tofauti ya msingi kwa mada yetu: kwenye Wayland seva na meneja ni programu moja, inaitwa kompozita. Kwa hiyo ile raha ya kumbadilisha meneja madirisha yakiwa wazi, kwa `--replace`, huko haipo. Kompozita ikianguka, kwa kawaida madirisha yanakwenda nayo.

Lakini ujuzi haupotei. Sway, kompozita ya kupanga, inasoma faili la i3 karibu lote kama lilivyo. Mwalimu wetu wa Muheza akihamia huko kesho vitufe vyake ni vilevile. Aliyejifunza Openbox kuna labwc, inayofuata mtindo uleule hadi kwenye `rc.xml`, na Raspberry Pi OS sasa inaitumia. Vitakavyobadilika ni vile vya pembeni: `xrandr` haitapanga skrini, kufunga skrini kutahitaji programu nyingine. Kwenye laptopu za mtumba za Intel zote mbili zinafanya kazi. Kwa anayeanza leo bado nasema X, kwa sababu ya Xephyr na kwa sababu vipande vyake vimetengana na unaweza kuvigusa kimoja kimoja.

---

steshenari_br12

Wagosi salaam. Nina steshenari Ngamiani, kompyuta tatu, wateja wanaandika barua, wanachapa, wanatuma maombi ya kazi mtandaoni. Nimeweka Debian na IceWM baada ya kusoma uzi huu, menyu nimeiandika Kiswahili kama ulivyosema: Andika barua, Fungua mtandao, Fungua flashi, Skani. Wateja wameielewa bila kuniita. Shida ni moja: kwenye `startup` nimeandika programu ya kipimo cha waifai na picha ya ukutani, lakini nikiingia hakuna kinachowaka. Nikiandika amri zilezile kwenye terminali zinafanya kazi. Nimekagua herufi zote.

---

mkonge_shell (mleta uzi)

Mgosi hongera, hizo ndizo habari nilizotaka kusikia.

Tatizo lako karibu hakika ni ruhusa. `keys` na `menu` ni maandishi ya kusomwa tu, lakini `startup` ni hati inayoendeshwa, na IceWM haiiendeshi kama haina ruhusa hiyo. Andika:

`chmod +x ~/.icewm/startup`

Mstari wa kwanza wa faili uwe `#!/bin/sh`, na kila programu inayobaki hai uiwekee `&` mwishoni, la sivyo ya kwanza itazuia zinazofuata. Hivi:

`#!/bin/sh`
`nm-applet &`
`feh --bg-fill /home/duka/picha.jpg &`

Jambo jingine: kwenye skrini ya kuingilia chagua ile iliyoandikwa IceWM Session. Ile ya IceWM peke yake inawasha meneja tu, `startup` haiguswi.

Na kwa kuwa mashine ni za wateja, usiwaache watumie akaunti yako. Tengeneza akaunti ya duka isiyo na sudo (ruhusa ya msimamizi), nakili folda ya `.icewm` uipeleke huko, kisha `chown -R` iwe mali ya akaunti hiyo, halafu toka uingie tena. Ikikataa bado, andika `ls -l ~/.icewm` ubandike hapa majibu tuyaone.